Ngano Niliyoisimulia Mchana

Kwetu mtu alipigwa baada ya sala. Baba alipiga magoti kwanza, akamwomba Mungu autakase mkono wake, akasema amina, na sisi tukaitika amina, kisha akainuka na kuchukua mpini wa jembe. Mpaka leo mtu akiniambia "tuombe" kwa ile sauti ya polepole, mabega yangu hupanda yenyewe. Niliwahi kumweleza mchungaji mmoja kijana jambo hili, akacheka, akidhani namtania.

Baba alikuwa mwinjilisti. Alikuwa na kanisa la udongo lililoezekwa bati, juu ya kilima upande wa Mlola, na kengele ya mkono ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Watu walimpenda. Ninalisema kwa sababu ni kweli, na linanikera hata leo. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimbia. Aliwafuata wagonjwa hata mvua ikinyesha, akabeba maiti za watu ambao ndugu zao walizikimbia. Akirudi nyumbani alivua viatu mlangoni, akavipanga sawasawa, halafu akaanza kutafuta kosa.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ile ya matuta. Bwana shamba alipita milimani na wasaidizi wake kukagua nani amelima matuta ya kuzuia udongo na nani hajalima, na asiyelima alipelekwa barazani kwa zumbe, mkuu wetu wa pale. Siku moja bwana shamba alisimama kwenye shamba letu mbele ya waumini, akamwuliza baba kama yeye ni mkulima wa mdomo tu. Baba alicheka pamoja nao. Jioni sala ilikuwa ndefu.

Alimpiga mama mgongoni. Mama akainua mkono kujikinga, baba akaupiga, na mkono ukavunjika mbele ya macho yangu. Alipoanguka akampiga teke la tumbo. Baba hakuwa mtu wa kelele. Alipiga kimya, kwa bidii, kama anayepasua kuni za msiba. Bibi, mama yake baba, alikuwa jikoni, hatua chache tu kutoka pale, akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mama alikuwa na mimba, na mimba ikatoka kabla juma halijaisha. Bibi aliizika nyuma ya migomba, akanawa mikono, akapika.

Wazee wa kanisa walikuja kutoa pole. Waliketi, wakanywa chai. Wakamwambia mama kwamba ndoa ni kuvumilia, kwamba mtumishi wa Mungu hujaribiwa kuliko watu wengine, na mke mwema hampi Shetani nafasi. "Asanteni, baba zangu," mama akasema, akawaongeza chai kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa vijiti. Mzee mmoja akamkumbusha, kwa upole kabisa, kwamba si adabu kumpa mgeni kitu kwa mkono wa kushoto. Mama akaomba radhi. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya viazi vitamu, na nilitamani kuwamwagia usoni.

Bibi alikuwa Mkristo wa siku nyingi, amebatizwa wakati wa Wajerumani, na nyimbo za kanisani alizijua kuliko baba mwenyewe. Lakini jua likishazama, jikoni kwake kulikuwa na mazimwi. Hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Alisema Bwana Yesu amekuja kuokoa, na wa kuokolewa lazima aokolewe kutoka kwenye kinywa cha mtu. Baba aliyaita mambo ya vizee na uongo wa Shetani, akatukataza kumsikiliza. Tulimsikiliza bibi wakati baba hayupo, na baba mara nyingi hakuwepo, maana wagonjwa walikuwa wengi.

Bibi alikuwa na namna yake ya kuanza. Alituuliza kama masikio tumekuja nayo au tumeyaacha shambani. Sisi tukajibu tumekuja nayo, lete. Na kila aliponyamaza kuvuta pumzi ilibidi tuseme "lete", kwa Kishambaa chetu, la sivyo aliiacha hadithi pale pale na kwenda kulala, hata kama mtu alikuwa amekwama nusu kwenye koo la zimwi. Sharti lingine lilikuwa la jua. Hadithi haisimuliwi mchana. Anayesimulia mchana humpoteza mama yake.

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya bwana harusi. Alitoka bondeni, mzuri wa sura, ananukia, amebeba chumvi na nguo, akamwoa msichana wa mlimani. Mdogo wake yule msichana akaenda kukaa nao. Siku moja shemeji aliinama kijitoni kunywa maji, nywele za kisogoni zikaachana, na mdogo mtu akaona mdomo wa pili, una meno. Kumbe kila jioni yule bwana alimng'ata mke wake kipande, mahali panapofunikwa na nguo, kisha akampangusa damu na kumpa pole. Bibi alivitaja vipande kimoja kimoja, bega, paja, titi, bila haraka, huku akichambua maharage. Dada alimsihi mdogo wake anyamaze, kwa kuwa mume alikuwa mtu wa watu na hakuna ambaye angeamini.

Zimwi la namna ile haliuawi kwa mkuki, bibi alisema. Linakufa likionwa na watu wengi kwa mara moja. Mdogo mtu akangoja siku ya ngoma, watu wamejaa uwanjani, akampa shemeji maji katika kata na kuiangusha miguuni pake ili ainame kuiokota. Shemeji akainama, watu wote wakaona. Zimwi likapasuka, damu ikawarukia hata waliokaa pembeni, na vile vipande vyote vikarudi mwilini mwa dada, kila kimoja mahali pake.

Nilimwamini mdogo mtu yule kama nilivyomwamini Bwana Yesu. Sikuwa na imani mbili, moja ya kanisani na nyingine ya jikoni. Nilikuwa nayo moja, na ilitosha pande zote. Wakubwa wanaoniambia kwamba mtoto hutofautisha hawakuwahi kuwa watoto, au wamesahau. Kuna siku baba alinyolewa nje ya nyumba, nami nikazunguka nyuma yake na kibuyu cha maji mkononi, nikijifanya nina kazi, nikakitazama kisogo chake mpaka mnyoaji akaniuliza nimepoteza nini. Kilikuwa kisogo cha kawaida, na katikati kulikuwa na mkunjo wa ngozi. Nilijiambia mdomo umefumba.

Sasa nifike kwenye lile neno. Shuleni tulikuwa na mwalimu kutoka Tanga, mtu wa viatu vyeusi, ambaye Kiswahili chetu cha mlimani kilimuumiza masikio. Nyumbani tulisema Kishambaa. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha kanisa na cha wenye duka. Mwalimu alituambia kwamba hizi habari za mazimwi na sungura tunazopewa na bibi zetu, kwa Kiswahili safi, huitwa ngano. Tukaliandika. Nikalipenda neno hilo, nikalibeba nyumbani kama ndizi mbivu. Bibi alilitamka mara kadhaa, akasema ni zuri, lakini halimhusu.

Hakuna aliyeniambia kwamba kuna ngano nyingine. Kwetu tulilima mahindi, maharage, mihogo na ndizi. Ngano ya kuliwa niliiona nikiwa mtu mzima, nilipopita Kwai, shamba zima limesimama mbele yangu. Nikakaa kando ya njia nikicheka peke yangu, mpaka mama mmoja mwenye ndoo ya maziwa akaja kuniuliza kama nina mtu wa kunirudisha nyumbani.

Mama alikuwa amepata mimba tena. Tumbo lilikuwa limeshaonekana, na mkono uliounga vibaya ulikuwa umepinda kidogo. Siku hizo nilihesabu sala za baba kwa urefu wake. Sala fupi, tulilala. Sala ikianza kuwataja manabii, nilijua. Nilikuwa na hofu moja tu duniani, kwamba atamwua mama na mtoto aliye tumboni, kisha atawazika kwa sauti yake nzuri, na watu watalia, na wazee watakunywa chai.

Jumapili moja baba alisoma ule mfano wa mkulima ambaye adui yake alimwendea usiku na kumpandia magugu. Nilikuwa nasinzia. Nikasikia kwamba Bwana mwenyewe ameagiza ngano ikusanywe na kuwekwa ghalani, na magugu yafungwe matita yatupwe motoni. Nikaamka kabisa. Ngano iwekwe ghalani. Bwana Yesu alikuwa anazijua ngano, na alikuwa amesema zitunzwe. Baba alipofunga Kitabu hakueleza ngano ni nini, wala hakuwa na haja nayo. Alihubiri magugu tu. Alipenda sana pale penye moto, akayachoma magugu yale mpaka jua likawa utosini, wanawake wakijipepea.

Nilikwenda nyumbani nikiruka. Nilimwambia bibi kwamba baba amekosea, Bwana hakuzikataza ngano, amesema ziwekwe vizuri.

"Bwana kasema hivyo?"

"Baba mwenyewe ndiye kasoma, bibi."

"Basi uiweke vizuri ile ya bwana harusi," akasema. "Usiipoteze hata neno." Kisha akanisimulia tena jioni ile, na jioni iliyofuata, na nyingine. Nikaona ananipenda kuliko wajukuu wengine waliotoka nyumba za jirani. Kila mara alipofika kwa mdogo mtu na kata ya maji alikuwa akinitazama mimi tu.

Mchungaji alitoka Lushoto kuja kutupima sisi wa darasa la kipaimara. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, mzee mwenye miwani, mtu wa kusema taratibu. Ijumaa ya juma lile baba aliwataja manabii wote. Mama alijikunja chini kulizunguka tumbo, kipigo kikamwishia mgongoni na kichwani, na jikoni moto ukachochewa. Jumapili mama alikuja kanisani na kitambaa kimefungwa chini mpaka kwenye nyusi. Akaketi upande wa wanawake, akaimba.

Kanisa lilijaa, na zumbe mwenyewe alikuwepo. Baba aliketi mbele, kando ya meza, akitutazama, kengele yake juu ya paja. Sisi watoto tulipangwa mstari. Mchungaji aliuliza amri, akauliza imani, wengine wakajibu, wengine wakakwama. Kisha akauliza mkulima wa ule mfano aliagiza nini juu ya ngano. Nikanyoosha mkono.

"Shikamoo, baba mchungaji."

"Marahaba, mwanangu."

"Aliagiza iwekwe ghalani."

"Vyema sana. Na moyoni mwako wewe, kuna ngano au kuna magugu?"

"Kuna ngano."

"Kweli kabisa?"

"Kweli. Ninayo."

Alitabasamu, akawageukia watu. "Basi itoe, mwanangu. Itoe kanisa zima tuione."

Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kunipa ruhusa kubwa kama ile. Nilijua kwamba ni mchana. Nilimtazama mama na kitambaa chake. Nikapima, sharti la jikoni upande mmoja na agizo la Bwana na la mchungaji upande mwingine, na tena hofu yangu ikanisukuma mgongoni, kwa sababu kunyamaza kulikuwa ni kumpoteza mama vilevile. Nikawageukia watu, nikawauliza kwa Kishambaa kama masikio wamekuja nayo au wameyaacha shambani.

Watu walicheka. Mchungaji alicheka pia, kisha akaacha, maana aliona sichezi. Nikangoja. Bila jibu sikuweza kuendelea, na hakuna aliyejibu. Ndipo kutoka benchi la mbele la wanawake sauti ya bibi ikasema, "Tumekuja nayo. Lete."

Nikaanza. Bwana harusi akatoka bondeni na chumvi yake, na watu wale, wote waliokulia kwenye majiko ya mama zao, wakajikuta wanasema "lete". Hata wazee wa kanisa. Hata zumbe. Midomo ilijibu kabla akili hazijakataa. Nikamleta mdogo mtu, nikamleta shemeji kijitoni, nikaufungua mdomo wa kisogoni. Lete. Halafu nikafika jioni za nyumba ile, na sikuona sababu ya kusema vipande vya bega na paja wakati vya kweli nilivijua.

Nikasema kila jioni zimwi lilipiga magoti na kusali. Lete, wakasema. Nikasema lilipomaliza lilisema amina, na mke akasema amina. Lete. Nikasema likainuka likachukua mpini wa jembe. Hapo upande wa wanaume ukanyamaza. Upande wa wanawake haukunyamaza. Nikasema likampiga mkono ukavunjika. Lete. Nikasema likampiga teke la tumbo, mtoto akatoka, na amezikwa nyuma ya migomba. Lete, wakasema wanawake, wengine sauti zimepasuka, na mmoja nyuma kabisa alikuwa anaisema peke yake hata pale nisiponyamaza, lete, lete, kama mtu anayedai chake. Nikasema na Ijumaa hii limempiga tena, ndiyo sababu amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi.

"Sasa mwambieni ainame," nikasema, nikamwonyesha baba kwa kidole.

Alikuja bila kusali. Kengele ilinipiga mdomoni, nikaisikia ikilia ndani ya fuvu. Jino la mbele likatoka, mdomo ukachanika. Nikaanguka juu ya meza, nikaanguka tena chini, naye akanifuata chini, akanipiga shavuni na sikioni kwa shaba ile. Damu ilirukia kanzu ya mchungaji. Mchungaji alikuwa anasema "ndugu yangu, ndugu yangu", na mikono yake imeinuka hewani, haijui pa kushika.

Nitasema lililokuwa moyoni mwangu ingawa najua linavyosikika. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimelala chali kwenye vumbi la kanisa, sikio moja limeziba, nikimtazama baba kutoka chini, na watu wote, kanisa zima, zumbe na mchungaji, walikuwa wameona kwa mara moja. Nilingoja apasuke. Niliangalia tumbo lake, shingo yake. Alisimama akihema, jasho linamtoka, mzima kabisa, hana hata mkwaruzo, na polepole nikaelewa kwamba hafi.

Kisha nikaona miguu ya mama. Alitembea kutoka upande wa wanawake hadi mbele, tumbo limemtangulia, akaichukua ile kengele mkononi mwa baba kama anavyochukua kijiko kwa mtoto. Baba alishangaa, akaiachia. Mama akampiga nayo juu ya sikio. Baba akaanguka kwa magoti, naye akampiga tena, kwa ule mkono uliopinda, na damu ikamwingia baba machoni. Wazee wa kanisa, ambao hakuna aliyekuwa ameinuka kengele ilipokuwa kinywani mwangu, wakainuka wote. Wakamkamata mama. Wakampinda mikono nyuma, mwanamke wa mimba kubwa, mmoja akamwambia amelinajisi hekalu la Mungu. Nimewasamehe watu wengi. Wale sijawasamehe, na wamekwishakufa.

Nisiseme kwamba hakuna kilichotokea. Mchungaji alimkataza baba kuhubiri mpaka kikao kikae. Kikao kikakaa. Kikaona kwamba mwinjilisti amekosa kwa hasira, na kwamba hasira ilichokozwa. Kuhusu mama kiliona kwamba amemwaga damu ya mtumishi ndani ya nyumba ya Bwana. Akatengwa na meza ya Bwana, mpaka siku atakapopiga magoti mbele ya kanisa na kumwomba mumewe msamaha. Kuhusu mimi waliona kwamba mtoto amepotoshwa na bibi. Bibi hakuitwa kujibu.

Watu wasiojua mambo hayo hudhani kutengwa ni kitu kidogo. Mama aliipenda meza ile. Kilikuwa ndicho chakula pekee duniani alichopewa na mtu mwingine akiwa amekaa, bila kukipika. Juma zima aliomboleza, na baba, kichwa kimefungwa, alitembea ndani ya nyumba akingoja kuombwa msamaha. Hakutugusa. Alikuwa anasali sala fupifupi. Nadhani alikuwa anaitunza ile ndefu.

Jumapili ilipofika mama alivaa khanga safi, akatoka mbele. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa, baba amesimama ng'ambo yake, amevaa koti. Mama aliutazama ule mkeka. Akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeongea na mwenye duka, "Nikipiga magoti mbele ya mtu huyu, mtoto huyu hatazaliwa. Nimekuja kuaga." Akanishika mkono, tukatoka. Nilimwona analia, na hakujificha.

Tulikuwa tumeshateremka kipande cha njia niliposikia fimbo ikigonga mawe nyuma yetu. Alikuwa bibi, na kifurushi kichwani. Mama alimwambia arudi, yule ni mwanawe. Bibi akasema anajua nani alimzaa. Basi tukateremka watatu kuelekea Magoma, kule chini mlima unakoishia, kwa mjomba wangu. Njia ile ni mbaya, inakuvunja magoti, na mama alilazimika kupumzika kila penye jiwe la kukalia.

Penye jiwe mojawapo nilimwuliza bibi kwa nini baba hakufa. Nilikuwa nimekasirika. Nilimwambia nimeisimulia yote, sikuacha kitu, watu wote wameona, na mdomo wangu huu hapa. Nilimwuliza kama alinidanganya.

Bibi aliniangalia ule mdomo. "Mimi ndiye niliyemzaa," akasema. "Nilikuwa namwogopa. Nilisikia yote kutoka jikoni, kila siku, nikashindwa kutoka. Nikakutuma wewe."

"Ulinituma lini?"

"Kila jioni."

Mama alikuwa ameketi karibu, akasikia yote. Niliuchukua mzigo wa bibi kwa sababu ulikuwa mzito na yeye alikuwa anayumba. Lakini sikumsemesha mpaka tulipofika Magoma, wala siku nyingi baada ya hapo. Alinipikia, nikala bila kushukuru. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua tofauti ya kupendwa na kutumwa, na nilikuwa nimevichanganya kwa muda mrefu, nikivifurahia vyote.

Mdogo wangu alizaliwa kule, msichana, mzima, mwenye kelele. Bibi ndiye aliyempokea. Alikaa nasi mpaka mtoto akaanza kukaa mwenyewe, halafu akaanza kuutazama mlima. Akasema lazima arudi. Mama alimkataza waziwazi, akamwambia kwamba baba atamwua. Bibi akasema ni mwanawe, na hakuna anayempikia, na kwamba amezeeka mno kuogopa. Akapanda na watu waliokuwa wanarudi kutoka sokoni.

Haukupita muda. Wanawake walioleta maharage Magoma walitukuta uani wakatuambia bibi amelala kitandani, mbavu zimevunjwa, anatema damu, na kwamba baba anawaambia watu alianguka kwenye matuta. Mama alikuwa ananyonyesha. Alimwacha mtoto amalize. Kisha akamfunga mgongoni, akachukua panga la mjomba ukutani. Mjomba alisema wangoje kesho wakusanyike wanaume. Mama akasema hao wanaume amekwisha kuwaona. Nilitaka kwenda naye, akanikatalia kwa neno moja, nikabaki na mjomba.

Usiku ule nilisali. Nilijaribu kumwomba Bwana Yesu, na bila kupenda nikajikuta nawaza habari za yule mdogo mtu na kata yake, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hajui lolote, alikuwa mtoto tu aliyewekewa maneno mdomoni. Sikumtegemea tena. Bwana nilibaki naye, lakini tangu siku ile namwomba nikiwa nimefumbua macho.

Walirudi kesho yake jua limeelekea kuzama. Bibi alibebwa kwenye machela ya mablanketi, na waliombeba ni wanawake wa kanisa letu, wanapokezana, miguu yao imechanika na mawe. Mama alitangulia na panga na mtoto. Bibi alikuwa hai. Aliishi nasi misimu kadhaa, akihema kwa taabu, na sisi wawili tulisameheana polepole, kwa kazi, kwa kupeana maji na kuoshana miguu.

Jioni ile, bibi ameshalazwa, nilimfuata mama nje alikokuwa ananawa. Nilimwuliza kama alilitumia panga. Akasema la. Nikamwuliza baba alifanya nini alipowaona. Akasema alikuwa amekaa mlangoni, analia, na alipomwona akamnyooshea mikono.

"Ukamwambia nini?"

Mama alikung'uta maji mikononi. "Nilimwambia atupishe," akasema. "Mgonjwa alikuwa ndani."